Müller si mzoa taka

Kuna mzaha haufi. Mtu akifika Ujerumani, akaona pipa la taka limeandikwa Müll, basi anatangaza kwamba kina Müller ni ukoo wa wazoa taka. Hapana jamani. Müller ni mwenye kinu cha kusaga. Mühle ndicho kinu, mahlen ni kusaga, Mehl ni unga. Hilo Müll nalo ni ndugu yao wa mbali: asili yake ni vumbi, vitu vilivyopondeka.

Kinu chenyewe kilikaa mtoni. Maji yanasukuma gurudumu, jiwe la chini limetulia, la juu linazunguka. Ujira mwenye kinu alijichotea kwenye nafaka ya mteja, mara nyingi fungu moja kati ya 16, na wivu wa wanakijiji ulianzia hapo. Kila eneo lilikuwa na mtu wake wa kinu, ndiyo maana leo hakuna jina la ukoo lenye watu wengi Ujerumani kuliko hili. Kaskazini ni Möller; waliojitia usomi wakajiita Molitor, kwa Kilatini.

Mimi ninachowaonea wivu ni herufi. Tangu Januari 1876, usajili wa serikali ulipoanza nchi nzima, jina likishaandikwa limeandikwa. Möller habadiliki kuwa Müller eti karani kasikia hivyo. Kwetu je? Hamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, Khamis kwenye cha kidato cha nne, Hamis kwenye kitambulisho, halafu kaape kwa wakili.

Najua, mtasema nimeshiba mkate wa Wajerumani sasa nadharau kwetu. Nidharau nini? Juma Ali Hamisi anakutajia baba na babu kwa pumzi moja. Müller anakutajia kinu kilichobomoka zamani, baba yake humjui. Tatizo ni kisanduku cha jina la ukoo: Juma anajaza Hamisi, mwanawe anajaza Ali, ofisi inaona watu baki. Akipata uraia wa Ujerumani anaweza kutangaza kwa msajili lipi liwe la ukoo, na watoto walifuate.

Wala msidhani wenzetu wamepona. Mistari ya chini ya pasipoti inasoma MUELLER. Aliyekata tiketi kwa MULLER ajiandae kujieleza. Na kuitwa Müller, kwa vile wamejaa mno, sheria inakubali kuwa sababu ya kuomba jina jingine. Unaomba, unalipa, na hilo jipya linaandikwa namna moja kila ofisi.