Mapepe Hayaponi kwa Kukaa Benchi

Jumamosi iliyopita mwanangu alitolewa dakika ya 12. Wapinzani walikuwa wanapiga kona, na yeye, beki wa kulia, alikuwa ameinama anamfungia mwenzake kamba za njumu. Goli likaingia. Kocha akamtoa, kisha akanigeukia: "Mama, huyu mtoto ana mapepe sana."

Sikubisha. Mapepe anayo. Ana miaka 10, na daktari alishatuambia kuwa ni ADHD: umakini wake haumtii, hukurupuka kabla ya kuwaza, na kutulia kwake ni kazi nzito. Kinachonikera ni dawa aliyoandikiwa na kocha. Benchi! Mtoto asiyeweza kukaa anaadhibiwa kwa kukalishwa, halafu akiitwa kuingia kipindi cha pili akakutwa anafukuza mijusi nyuma ya goli, tunamshangaa.

Nikilalamika, watu hunitajia mwogeleaji Michael Phelps, aliyegundulika na ADHD akiwa na miaka 9 na baadaye akabeba dhahabu 23 za Olimpiki. Au mwanajimnastiki Simone Biles: mwaka 2016 wadukuzi walipovujisha taarifa zake za matibabu, alijitokeza akasema ana ADHD, anatumia dawa tangu utotoni, wala haoni aibu. Nawavulia kofia wote wawili. Lakini Phelps ana njia yake ndani ya maji, na Biles akiwa juu ya ubao hana wa kumpa pasi. Mpira wa miguu una watu 21 wengine wanaohama kila sekunde, kocha anafoka, na wazazi pembeni tunapiga kelele kila mmoja na lake. (Nami nimo, nakiri.) Mtoto kama wangu anasikia zote kwa pamoja, hivyo hasikii hata moja.

Ndiyo maana Jumatano, mazoezi yalipokwisha, nilimfuata kocha. Siku ya mechi hakuna anayemsikiliza mzazi. Nikamwomba amwite kwanza kwa jina, asubiri ageuke, ndipo ampe agizo moja tu. "Kaa na namba tisa wao" linatosha. Hotuba ya mapumziko yenye mambo sita inampita. Akiwa benchi apewe kazi: apashe misuli, ahesabu kona. Na kubwa kuliko yote, asiwekwe beki wa pembeni, anakosubiri mpira dakika tano nzima akili ikitangatanga. Awekwe katikati, mpira unakopita kila mara.

Huruma sikuomba. Haya ni mashindano, na watoto wenzake nao wanataka kushinda. Akicheza vibaya atolewe kama yeyote. Ila atolewe kwa sababu ya mpira, na aambiwe kosa lake ni lipi. "Mapepe" halimfundishi kitu. Analisikia darasani, msikitini, hata kwa bibi yake.

Kocha alikuna kichwa. "Kazi ipo, mama. Haya, Jumamosi nitamjaribu namba sita."

Nilimpa mwanangu habari hiyo kwenye daladala. Akaruka kwa furaha, akauliza namba sita anafanya nini. Nikaanza kueleza habari za kukaba, kugawa mipira na kulinda nafasi. Sijafika mbali, keshahamia dirishani anahesabu bajaji. Nikamshika bega, nikasubiri ageuke.

"Baba, kaa mbele ya mabeki."

"Mbele ya mabeki," akajibu, akarudi kwenye bajaji zake.