Chembe Hazina Adabu

Mtungi wa gesi ukiisha siku ya pilau, kesi inafunguliwa papo hapo. Dada wa kazi kachemsha chai usiku. Muuza gesi kaleta mtungi nusu. Mtoto hakufunga vizuri. Mhalifu mwenyewe hatajwi, naye yumo humo humo ndani ya chuma, mdogo kiasi kwamba hata darubini ya shule haimwoni: chembe.

Kila kitu ni chembe, na chembe hazijui kutulia. Yabisi ni daladala la Mbagala saa kumi na moja jioni: hakuna anayeweza kuhama alipo, ila kila mmoja anatikisika. Kimiminika ni Kariakoo ya kuamkia Idi: mmebanana karibu vilevile, tofauti ni kwamba mnapishana. Gesi ni watoto wa shule waliosikia kengele ya kwenda nyumbani, kila mmoja na njia yake, wanaparamia kuta na kuparamiana. Kule kuparamia kuta ndiyo presha. Na lile tunaloliita joto ni fujo yenyewe tu. Ukiwasha jiko umeziongezea mbio.

Haya, mtungi. Ile kilo 6 uliyonunua si gesi, ni kimiminika. Kimejaa kama sehemu nne kati ya tano, na iliyobaki juu imeachwa makusudi, maana kimiminika kikipata joto kinavimba na chuma hakina pa kwenda. Chembe zenye mbio zinachomoka kwenye kimiminika, nyingine zinarudi, hadi zinazotoka na zinazorudi zinalingana. Presha ikishafika hapo inaganda, na inayoipanga ni joto la mtungi, wala si kiasi kilichobaki. Ndiyo maana kile kigeji cha presha kwenye regulata ni mnafiki. Kilo 5 zikiwemo kinasoma hivyo, nusu kilo ikibaki kinasoma hivyo hivyo. Tone la mwisho likigeuka mvuke ndipo mshale unaanguka, na vitunguu ndio kwanza vinaanza kubadilika rangi.

Anayetaka ukweli apime kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chenyewe. Uondoe, kinachobaki ndiyo gesi yako. Huna mizani? Mwaga kikombe cha maji ya moto ubavuni, ya moto ya kuogea, yasiwe yanayotokota, kisha teremsha kiganja polepole kutoka juu. Juu patakuwa na uvuguvugu. Pale mkono unapokutana na baridi ghafla ndipo kimiminika kinapoanzia, kwa sababu kinalinyonya lile joto upesi kuliko mvuke ulio juu yake.

Kero nyingine: mtungi mdogo, jiko kubwa, supu ya makongoro ya kuchemka saa tatu nzima. Mtungi unatoka jasho kama mbeba zege na moto unafifia. Hapo hakuna aliyekupunja. Chembe zinazochomoka ni zile zenye nguvu. Zinazobaki ndani ni wazembe watupu, kwa hiyo kimiminika kinapoa, na kikipoa presha inashuka. Yale majimaji ya nje ni unyevu wa hewa ya jikoni uliogusa chuma baridi. Dawa yake ni kupunguza moto au kuupumzisha mtungi urudishe joto kutoka hewani. Lakini nani ana subira! Watu wanaulaza ubavu “gesi ishuke”. Inayoshuka ni kimiminika, kinapita kwenye regulata na mpira, na lita moja yake ikifunguka inakuwa gesi ya lita kama 250. Mwali unaruka mpaka kwenye kanga iliyoanikwa juu ya jiko.

Ukisikia ile harufu ya yai viza, hiyo imetiwa kwa makusudi, kwani gesi yenyewe haina harufu. Na ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni. Kufungua kidirisha cha juu peke yake ni kujifurahisha. Fungua mlango, funga valvu ya mtungi, swichi ya taa usiiguse. Kiungo kinachovuja kinatafutwa kwa povu la sabuni, vipovu vikivimba umekipata. Kuna wanaotafuta kwa kiberiti. Sina la kuwaambia.

Tuje kwenye maharage. Maji yanatokota, mpishi anaongeza moto “yaive haraka”. Yaive kwa lipi? Dar, usawa wa bahari, maji yakifika nyuzi joto 100 yamefika; moto unaoongeza unatumika kuzichomoa chembe ziwe mvuke, joto la sufuria halisogei hata uzi mmoja. Tena kuzichomoa ni gharama: kuigeuza lita moja mvuke mtupu kunakula nishati kama mara saba ya ile iliyoitoa nyuzi 25 hadi 100. Hela yako inapaa darini. Punguza moto, acha yatokote kwa upole, funika. Nairobi ni taabu zaidi, hewa ya kule juu haikandamizi sana kama ya pwani na maji yanatokota kwenye nyuzi kama 94, basi maharage yanachukua muda wake. Sufuria ya presha inageuza mambo: mvuke umefungiwa, unakandamiza, maji yanafika nyuzi kama 120 kabla ya kutokota. Ila usilazimishe mfuniko wakati kile kidude bado kinapuliza. Maji yaliyo kwenye nyuzi 120, presha ikiondoka ghafla, sehemu yake inalipuka kuwa mvuke kwa mpigo, na maharage yanahamia usoni.

Friza nayo ina visa vyake. Vitu vingi vikiganda vinasinyaa, maji yanavimba kama asilimia 9, kwa sababu chembe zake zikijipanga kuwa barafu zinaachiana nafasi. Chupa ya kioo iliyojazwa hadi kizibo haiponi, na asubuhi lawama zinakwenda kwa aliyefunga mlango kwa kishindo.

Na bodaboda. Asubuhi, hewa nyuzi 27, tairi la nyuma limejazwa upepo 32 (psi, kile kipimo cha presha cha geji). Mchana lami inawaka, tairi limefika nyuzi 60, chembe zile zile ndani zinapiga kuta kwa hasira zaidi. Hesabu yake: 32 jumlisha 14.7 ya hewa ya nje ambayo geji haiihesabu, zidisha 333, gawanya kwa 300 (ni zile nyuzi 60 na 27, kila moja ukiiongezea 273 ili joto lihesabiwe kutoka baridi ya mwisho kabisa), toa tena 14.7. Inakuja 37. Dereva anaona 37, anashtuka, “litapasuka hili!”, anabonyeza valvu, pssss, mpaka 32. Anaridhika. Kesho yake alfajiri tairi limepoa, geji inasoma 27, na anamfuata fundi pancha kumdai hela yake.