Kidani cha 1780 na betri ya redio

Jamani mimi sina bahati, nishawaambia. Juzi tumeenda Kilwa Kivinje kwa mama mkwe, na si mnajua mkwe wa kiume ukweni kiti hakipati joto, nikapewa koleo nichimbe shimo la choo. Nimefika usawa wa kiuno koleo likagonga kitu, kwaa! Kuokota, kidani. Pesa ya duara, nyeusi tii, juu kimeungwa kipete cha kupitishia mkufu, kachorwa mama mmoja mnene kajitanda shela, na mwaka kabisa: 1780.

Koleo nikatupa kule. Choo watachimba maskini.

Usiku sikulala, nishanunua Kirikuu, nishamlipa mwenye nyumba miezi sita. Dereva wa boda akanipa shule, weka sumaku, isiponasa hiyo ni madini ya fedha halisi. Haikunasa! Nikaruka. Halafu nikajaribu kwenye sufuria la mama mkwe, nalo halinasi.

Asubuhi nakuta kidani kinang'aa kama bati jipya. Mke wangu kakipiga majivu na lile dude la waya la kusugulia masufuria, eti nani atanunua kitu kichafu.

Haya, nikapanda basi mpaka Kariakoo kwa sonara. Mzee kabana kioo chake jichoni, mwaka wala hakuuangalia, kageuza ukingo kwanza, kuna maandishi yamezunguka pembeni, akasema hapo afadhali, za bandia ukingo wake huwa hovyo. Nikamwambia mzee soma mwaka basi. Akacheka mpaka kioo kikamdondoka. Kumbe ni reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, mama kafa 1780 na tangu hapo zikaendelea kupigwa na mwaka uleule, Vienna, baadaye mpaka Roma na London na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni na pwani yetu walishaizoea sura hiyo. Yaani ya zamani 1780, ya juzi 1780! Mimi kitambulisho kikikosewa herufi moja nazungushwa miezi mitatu, huyu mama karne mbili hakuna anayemuuliza.

"Ungekileta na uchafu wake," mzee kasema. Ule weusi kwenye mikunjo ya shela ndio alitaka auone, na pale kipete kinapoliwa na mkufu, apate kukisia umri wake. Sasa kote ni mikwaruzo ya juzi, imelala upande mmoja. Akauliza shimoni kilikuwa na nini, nikajikausha, maana kwenye koleo lileile kulitoka betri ya redio, ile nene.

Akanipimia kwa uzito, gramu 28 na ushee, na fedha yenyewe ina mchanganyiko. Hela hiyo nauli ya kurudi Kilwa inaimeza yote. Na kingekuwa cha kale kweli je? Jirani yangu mjuaji anasema kitu cha hapa kwetu cha kabla ya 1863 kina sheria yake ya 1964, hakiuzwi kama mihogo. Kwa hiyo kikiwa kizee kesi, kikiwa kijana hasara.

Nimekaa kituoni nanuna, simu ya mama mkwe hiyo. "Baba, nasikia umekiona kidani changu! Kilinipotea mwaka wa vita vya Kagera, tulikuwa tunahangaika na redio ile. Kirudishe. Na huyo aliyekisugua uje naye."