Tongoni si makaburi peke yake

Kila bikoni mpya ya mpaka wa kiwanja ikichimbiwa karibu na magofu ya Tongoni, mji wa kale wa Waswahili karibu na Tanga, ukiuliza jibu ni lilelile: "Hapa hamna kitu, magofu ni yale pale." Jibu hilo linaniuma.

Ule msikiti na yale makaburi kama 40, mengine yenye nguzo za matumbawe, ni ile sehemu tu ya mji iliyojengwa kwa mawe. Watu wengi wa miji hii ya kale ya pwani waliishi kwenye nyumba za miti na udongo, na nyumba ya udongo ikianguka haiachi gofu. Kwenye magofu ya Songo Mnara, kisiwa kule Kilwa, palipodhaniwa patupu, vipimo vya sumaku vinavyoonyesha kilichofukiwa, pamoja na uchimbaji, vilifichua nyumba za aina hiyo.

Basi kabla ya kupima viwanja, watu watembee kwanza. Wajipange mstari, mita 5 baina ya mtu na mtu, shamba likiwa limelimwa na mvua ya kwanza imeosha udongo. Mahindi yakifika magotini hamwoni kitu. Vigae vya vyungu, mavi ya chuma (mabaki ya kuyeyushia chuma), makombe ya baharini, vipande vya udongo wa kuta ulioungua vyenye alama za fito: kila kimoja kibaki kilipo mpaka kiandikwe kwenye ramani. Anayeokota vigae vizuri na kuvitia mfukoni akavionyeshe ofisini ameshaharibu ushahidi, maana kigae kisicho na mahali hakisemi nyumba ilikuwa wapi. Vinaposongamana ndipo wenye kibali, kama Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavyotaka, wachimbe shimo la mita 1 kwa 1, wakishuka sentimita 10 kila mara. Udongo wote upite kwenye chekeche la matundu ya milimita 3. Matundu yakiwa makubwa, shanga na miiba ya samaki inapotea, na humo ndimo zilimo biashara ya watu hao na chakula chao.

Trekta linavuruga tabaka zote za juu kwa siku moja. Na hawa wanaotafuta rupia za Mjerumani, sarafu za enzi ya ukoloni, wanafukua watu waliozikwa karne nyingi kabla Mjerumani hajafika!

Haya, watu lazima wajenge, na mwenye shamba hawezi kungoja miaka. Lakini hekta moja, kwa watu watano, ni mistari 20 ya mita 100: asubuhi moja tu. Waanzie upande wa bahari, mawimbi yanakokula ufukwe, kisha mashamba yanayotaka kuuzwa. Yasiyoguswa na trekta yanaweza kusubiri.