Mkojo Kunuka Si Ugonjwa

Katika makao ya wazee, maneno yanayonikera kuliko yote ni haya: "Mkojo wake unanuka, apewe dawa." Mzee hana homa, haumwi akikojoa, anakula vizuri. Mkojo unapelekwa maabara, jibu linarudi kwamba una bakteria, na jioni hiyohiyo anaanzishiwa antibayotiki.

Ajabu ingekuwa bakteria wasipoonekana. Kwa wanawake wanaoishi kwenye makao haya, asilimia 25 hadi 50 wanao bila kuugua. Waliokaa na mpira wa mkojo muda mrefu, karibu wote. Kuwatibu hakuwasaidii. Dawa inaua bakteria dhaifu, wale sugu wanabaki kutamba. Ikishafyeka na bakteria wema wa tumboni, bakteria aitwaye Clostridioides difficile hupata nafasi, na kuhara anakosababisha huweza kumuua mzee.

Usugu ukishazaliwa, sisi walezi ndio tunaoutembeza. Mlezi anamwaga mfuko wa mkojo, kisha kwa glavu zilezile anashika ukingo wa kitanda, halafu anamgeuza mzee wa kitanda cha pili. Glavu hizo zimemkinga yeye tu. Na kitakasa mikono chenye alkoholi hakiui spora, yaani mbegu ngumu, za Clostridioides difficile; hapo ni maji tiririka na sabuni.

Wapo wanaotaka kila mwenye vimelea sugu afungiwe chumbani. Sikubali kabisa. Hospitalini mtu hulala siku chache, ila hapa ndipo kwake, na vimelea kama MRSA, bakteria asiyesikia antibayotiki nyingi, huweza kumkaa miezi kadhaa bila kumuumiza. Avae gauni na glavu yule anayemwogesha, anayembadilisha nepi au kumsafisha kidonda. Mzee mwenyewe aachwe akae na wenzake.

Kuogesha kwenyewe ni kinga. Utafiti uliofanyika katika makao 28 ya California, ukachapishwa 2023, ulitumia klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi, kuogesha wakazi wote na iodini puani. Palipofanyika hivyo, waliopelekwa hospitali kwa sababu ya maambukizi walishuka kutoka takriban asilimia 62 ya wote waliopelekwa hadi 52.

Nanyi watoto wa wazee, mara nyingi shinikizo la dawa linatoka kwenu. Najua ni kwa upendo. Mama akianza kuchanganyikiwa ghafla, mwiteni muuguzi ampime, lakini msikimbilie kuulaumu mkojo: ulizeni amekunywa maji kiasi gani leo, alipata choo lini, na ni dawa gani mpya aliyoanza juzi.