Nati za brasi: je, kila kipande kipite tanuri?

Nati ya brasi iliyopasuka kwa mkazo, yaani nguvu ya kuvuta iliyomo ndani ya chuma, hujulikana kwa kuitazama tu. Haijapinda wala haijatanuka. Ufa umenyooka kufuata urefu wa nati, mara nyingi ukianzia begani pale ukuta unapokuwa mwembamba. Ukiufungua zaidi utakuta kuta zake zimefifia au zimeingia weusi, ishara kwamba ufa ulikuwapo kabla maji au gesi haijaanza kuvuja. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mnunuzi anadai kiwanda kimeruka hatua ya kupasha moto, na kiwanda kinajibu kwamba fundi amekaza kupita kiasi. Wote wawili wanaweza kuwa na haki, kwa sababu kuna mikazo miwili, ule uliobaki tangu kiwandani na ule unaoletwa na kukaza, na tanuri linaondoa ule wa kwanza tu.

Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Ikivutwa, ikikandamizwa au ikikunjwa ikiwa baridi, inakuwa ngumu na inabaki na mkazo ndani yake hata ikiwa imelala rafuni. Mkazo huo ukikutana na unyevu na amonia, nyufa hutokea bila mtu kugusa kitu. Jeshi la Uingereza nchini India liliuonja ugonjwa huu katika karne ya 19: maganda ya risasi yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi yalipasuka msimu wa mvua. Maelezo kamili yalikuja mwaka 1921, pale Moore, Beckinsale na Mallinson walipoonyesha kwamba chanzo ni amonia ya mkojo wa farasi pamoja na mkazo uliobaki ndani ya ganda. Leo amonia hiyo hiyo iko kwenye mabanda ya kuku, vyooni, kwenye maghala ya mbolea na katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo.

Wanaotaka kila kipande kipashwe moto wana hoja nzito. Kazi yenyewe ni ndogo: 250°C hadi 300°C kwa muda wa saa moja, kisha kipande kinaachwa kipoe hewani. Kwa joto hilo sehemu kubwa ya mkazo wa ndani inatoka, na ugumu unabaki karibu vilevile. Faida yake inapimika hata kwenye karakana isiyo na maabara. Chukua kipande cha bomba jembamba chenye urefu wa mara mbili ya kipenyo chake, pima kipenyo, kikate kwa msumeno upande mmoja kutoka mwisho hadi mwisho, halafu pima tena kwa pembe ya digrii 90 kutoka pale ulipokata. Ukuta ukiwa wa milimita 1.5 na kipenyo cha katikati ya ukuta kikiongezeka kutoka 25 hadi 25.3, mkazo uliokuwamo ni kama megapaskali 75 (megapaskali ni kizio cha kupimia mkazo). Hesabu yake ni uthabiti wa brasi, yaani inavyokataa kunyumbuka (takriban megapaskali 105,000), mara unene wa ukuta mara ongezeko la kipenyo, kisha gawanya kwa vipenyo vyote viwili vikizidishwa. Rudia kwa kipande kilichopita tanuri. Kikikatwa kikatulia vilevile, kazi imefanyika. Kikifunguka kama cha kwanza, cheti cha kiwanda hakina maana.

Sasa upande wa pili, ambao wanunuzi wengi hawausikilizi. Tanuri likitumiwa vibaya huharibu kuliko kutolitumia. Fundi aliyezoea chuma hupima joto kwa rangi, lakini kwa 280°C brasi haiwaki kabisa. Ikianza kuonyesha wekundu hafifu imeshapita 500°C, ugumu wote uliopatikana kwa kufinyangwa baridi umeondoka, na thredi zitalika mara ya kwanza spana inapokaza. Kuizamisha kwenye maji hakurudishi kitu, maana brasi hizi hazigumuki kwa kupozwa ghafla kama chuma cha pua cha visu. Joto likizidi sana, zinki hutoroka kutoka usoni, kwani yenyewe huchemka kwenye 907°C. Na brasi yenye madini ya risasi, ile inayopendwa kwenye mashine ya kereza kama CW614N (namba za CW ni majina ya Ulaya ya aina za brasi), ikipashwa haraka huku ina mkazo mwingi inaweza kupasuka humo humo tanurini.

Yako pia mambo madogo yanayokula pesa. Mafuta ya kukatia yasiposafishwa kabla, huungua na kuacha madoa yasiyotoka kirahisi. Kipimajoto kikiwa juu ya kapu badala ya katikati ya mzigo, vipande vya ndani huwa bado baridi wakati saa imeshaanza kuhesabiwa. Vipande vilivyochongwa kwa vipimo vya karibu hubadilika umbo kidogo mkazo unapolegea, na thredi zilizokuwa sawa hukataa geji.

Kubwa kuliko yote, tanuri haliwezi kuondoa mkazo ambao bado haujazaliwa. Fundi anapozungusha tepu ya kuzuia uvujaji mara nyingi kupita kiasi kwenye thredi iliyochongoka, kisha akakaza kwa spana ndefu, anaupanua mdomo wa kiungo na kuuacha umenyoshwa miaka yote. Hapo kiungo kilichopita tanuri na ambacho hakikupita vinapasuka kwa namna moja.

Kwa maoni yetu, kudai tanuri kwa kila kipande ni kutupa pesa, na kulikataa kabisa ni hatari. Kilichokandamizwa, kuvutwa au kukunjwa baridi kipashwe bila mjadala. Kilichofuliwa kikiwa moto, kama miili mingi ya vali za CW617N, kwa kawaida hutoka na mkazo mdogo, na hela ya tanuri ingefaa zaidi kufundisha kiasi cha kukaza. Mtego uko kwenye vipande vinavyokerezwa kutoka fimbo iliyovutwa baridi. Watu huviona salama kwa sababu havikukunjwa, kumbe mkazo ulikuja na fimbo, na ukitoboa katikati unabaki na ukuta mwembamba wenye mzigo wa zamani. Hapa dawa nzuri ni kupasha fimbo kabla ya kukereza: mkazo unaondoka na vipimo havisumbuki.

Kesi moja iko nje ya ubishi huu. Brasi za kustahimili kunyonywa zinki, yaani maji kuitoa zinki na kuacha shaba dhaifu, kama CW602N, hupashwa 500°C hadi 550°C kwa saa kadhaa kwa sababu nyingine. Ndani ya brasi hizo kuna chembe za miundo miwili, alfa na beta yenye zinki nyingi zaidi. Aseniki iliyomo hulinda muundo wa alfa tu, hailindi ule wa beta, na joto hilo hufanya beta iliyobaki igeuke alfa. Ukiiruka hatua hiyo, umelipia jina la brasi hiyo bila kupata kinga yake.

Kwa hiyo anayeagiza mzigo asiandike tu "vipashwe moto". Aandike aina ya brasi, joto na muda, kipimo kisomwe katikati ya mzigo, upashaji ufanyike kabla ya kupakwa nikeli au kromu, na sampuli za kila mzigo zijaribiwe kwa amonia kwa kufuata ISO 6957, kiwango cha kimataifa cha jaribio hilo. Sampuli hizo zijaribiwe zikiwa zimefungwa na kukazwa kama zitakavyokazwa kazini, ili mikazo yote miwili iwemo.