Walipeni Kwanza, Ushujaa Baadaye

Oktoba 20, Mashujaa Dei, ikikaribia, stejini kwa watu wa boda hapa Kondele, Kisumu, huwa hapakaliki. Nani ni shujaa, nani si shujaa? Wanaanza na wanasiasa, lakini kabla abiria wa pili hajapanda tayari wamefika kwa wachezaji. Huu ni mji wa klabu ya Gor Mahia. Sisi mashemeji wa Ingwe, yaani mashabiki wa wapinzani wao AFC Leopards, tunasikiliza tu, tukingoja nafasi ya kumtaja mwanasoka wa zamani Joe Kadenge.

Wenzangu wana sheria upande wao: Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya 2014 inaitambua michezo. Mimi bado nabisha. Mwanamichezo ni mfanyakazi mwenye kipaji, na kumwita shujaa kwa sababu tu ameshinda kunamuumiza kuliko kunavyomfaa.

Chukua Gor ya 1987. Sare ya 2-2 Tunis, sare ya 1-1 Nairobi, na Espérance wakang'olewa kwa mabao ya ugenini katika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta kombe la Afrika nyumbani, na nalisema hili nikiwa Ingwe damu, kwa hiyo mjue limenitoka kwa shida. Ilikuwa kazi iliyofanywa na mafundi. Fundi hulipwa.

Shujaa, kwa bahati mbaya, hadai. Ukishambatiza mchezaji jina hilo, akiuliza mshahara wa miezi iliyopita anaonekana hana uzalendo. Wachezaji wangapi wa ligi yetu wanaomba nauli ya kwenda mazoezini, huku mashabiki tukiwaimbia? Halafu ije michuano yenye kamera, pesa zinamwagika. Agosti 2025, wakati wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Rais aliwaahidi Harambee Stars, timu yetu ya taifa, shilingi milioni moja kwa kila mchezaji, kwa kila mechi watakayoshinda. Sikuwaonea wivu, walistahili. Lakini hiyo ni zawadi, na zawadi hutegemea moyo wa mtoaji. Mkataba unaoheshimiwa, akiba ya uzeeni ya NSSF inayokatwa na kupelekwa, bima inayofanya kazi goti likivunjika: hivyo ndivyo vitu ambavyo mchezaji wa kawaida hana.

Kadenge, mwana wa Vihiga, alikuwa maarufu hadi watoto waliozaliwa baada yake kustaafu walicheza mpira wa makaratasi wakitangaza "Kadenge na mpira". Alifariki Julai 2019 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Jina lilikuwa bado kubwa, ila jina halilipi bili ya hospitali. Naye Naftali Temu wa Nyamira, aliyeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968 katika mita 10,000, ni vijana wangapi leo wanamjua?

Jina hilo pia linatupofusha. Jemima Sumgong aliposhinda marathoni ya Rio 2016, wa kwanza kati ya wanawake wa Kenya, tulimpandisha juu kabisa. Mwaka uliofuata alipatikana na EPO, dawa iliyopigwa marufuku michezoni. Niliowasikia wengi walitafuta njama za wazungu kabla ya kuuliza nani alimpa dawa. Mfanyakazi akiiba, tunachunguza. Shujaa akiiba, tunamtafutia adui.

Ila sisemi hakuna mwanamichezo shujaa. Kipchoge Keino namkubali, na si kwa dhahabu zake za 1968 na 1972. Namkubali kwa watoto yatima aliowalea Eldoret, kazi ambayo hakuna aliyempigia kipenga aianze.

Mwanariadha Agnes Tirop naye alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee Septemba 2021. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani Iten, akiwa na miaka 25. Sifa zote zile hazikumlinda ndani ya nyumba. Wanariadha wenzake waliamka wakaanzisha Tirop's Angels, kuwasaidia wanawake wanaopigwa na kunyanyaswa, katika mazingira ambayo mkufunzi na mume mara nyingi ni mtu mmoja anayeshika hadi kadi ya benki. Kusema hivyo hadharani kunaweza kukupotezea marafiki, hata riziki. Hao wakitajwa Mashujaa Dei, nitasimama.

Najua nikifika stejini nitaambiwa watoto wanahitaji mtu wa kumuiga. Sawa. Lakini mtoto wa Manyatta mwenye mguu mzuri wa kushoto anamwona pia yule jirani aliyechezea timu ya taifa, anayekopa unga dukani. Huyo naye anamfunza, tena kila siku.